Dawa Zilizokomea Likoni

Mbeyu binti Matano alizaliwa Tiwi, akaolewa papo hapo Tiwi, na kazi aliyoijua tangu utotoni ilikuwa kusuka makuti. Mumewe, Alfani, alikuwa fundi wa kuezeka. Mke alikaa chini akisuka, mume alipanda juu akifunga. Nyumba nyingi za pande zile, za wenyeji na zile za wageni zilizoanza kuchipuka karibu na ufuo, zilipitia mikononi mwao. Hawakuwa matajiri, wala hawakuwa watu wa kuomba. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Esha, na Mbeyu alizoea kusema kwamba hana la kumlilia Mungu ila uzima.

Alfani alianza kuugua mwaka mmoja hivi kabla ya uhuru. Kwanza usingizi ulimhama. Kisha ikawa yuko kazini, ananyamaza ghafula, anainamisha kichwa kama mtu aliyeitwa kwa mbali.

"Umesikia?" humwuliza mkewe.

"Nisikie nini?"

"Wanaitana."

Mbeyu husikiliza, akasikia kuku na upepo. Baadaye Alfani akakataa chakula cha watu wengine, akawa anakula cha mkewe tu, na hicho nacho mpaka Mbeyu akionje kwanza mbele yake.

Katika masika ya mwaka ule, asubuhi ya mvua, Alfani alipanda juu ya nyumba ya jirani yao Kaingu akaanza kung'oa makuti. Kaingu alikuwa amekwenda shamba. Ndani mlikuwa na mkewe, Kanze, na mtoto mchanga. Paa lile Alfani mwenyewe ndiye aliyeliezeka, kwa hiyo alijua pa kukata kamba, na haukupita muda nyumba ikawa wazi na mvua inaingia kitandani. Watu walikusanyika wakampigia kelele ashuke. Alfani akawa analia. Alisema kuna watu wamefichwa ndani ya paa, wanakufa kwa kukosa pumzi, na majirani wamesimama tu wanawatazama.

Mbeyu ndiye aliyepanda ngazi. Akamshika mkono, akamwambia, "Twende nyumbani ukavae nguo kavu. Hao tutarudi kuwatoa." Alfani akamfuata.

Jioni ile Kaingu alikuja hadi uani kwao. Hakuja na panga wala na matusi. Alisimama tu, nguo zimemganda mwilini.

"Jirani," alimwambia Mbeyu, "mimi na Alfani tumekula sahani moja. Lakini mwanangu amelala majini. Mfungeni. Msipomfunga nyinyi, watamfunga wengine, na hao hawatamwonea huruma."

Kaingu alihama baada ya hapo, akajenga upande wa pili wa barabara kuu. Hakusema kwa nini, na Mbeyu hakuuliza. Tangu siku ile Mbeyu, kila alipomwona kwa mbali, aliinamisha macho, naye Kaingu alifanya vivyo hivyo.

Shauri la mgonjwa lilichukuliwa na Seifu, kaka yake Alfani, kama ilivyo ada. Seifu alimpeleka kwa mganga wa kule bara, upande wa Taru. Alipungwa pepo, akafukizwa, akapigiwa ngoma. Mganga yule alikuwa mtu wa haki. Ilipopita miezi na hali ni ile ile, alimwita Seifu kando akamwambia, "Huyu aliye kichwani mwa nduguyo mimi simjui, na hanijui. Mrudishe kwenu. Nisije nikala mali yenu bure." Akarudishwa. Na kwa kuwa watu wa Tiwi walikuwa wameapa kwamba hawatalala tena huku fundi yule akitembea huru, Seifu alinunua mnyororo akamfunga mguu kwenye nguzo ya banda la makuti.

Mbeyu alimshonea kitambaa cha kuzungushia kifundo cha mguu, chuma kisimle ngozi. Akahamishia kazi yake yote chini ya banda lile. Mchana kutwa alikaa naye, yeye anasuka, mume anazungumza na watu wasioonekana. Zilikuwepo siku njema ambazo Alfani alichukua kuti akasuka kidogo, vizuri kabisa, kisha akaliacha katikati.

Uhuru ulikuja hali iko hivyo. Asubuhi ile watoto wa shule walipita njiani wakiimba, wamevaa nguo nyeupe, wakielekea kwenye sherehe, na nyuma yao wazazi na wapiga ngoma.

"Kuna harusi?" Alfani aliuliza.

"Si harusi. Tumepata kujitawala."

"Nani?"

"Sisi sote."

Alfani aliutazama mguu wake. Mbeyu aliingia ndani akajidai anatafuta ungo, kwa sababu hakutaka aonekane analia siku ya furaha ya watu.

Miezi michache baadaye DO mpya, yaani ofisa wa wilaya, Mwafrika, kijana wa kutoka bara, alifanya baraza Tiwi. Alizungumza kwa Kiswahili cha shuleni lakini alisikika. Alisema serikali ya sasa ni ya wananchi, nayo imetangaza vita juu ya maradhi. Baraza lilipovunjika, wanaume wakamzunguka wakimweleza habari za mashamba na mipaka. Mbeyu alingoja wapungue. Kisha akasogea, leso imemfunika kichwa.

"Bwana DO, salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama."

"Hayo maradhi uliyoyataja, ya kichwa yamo?"

DO alimtazama. Alikuwa mtu mkweli, na Mbeyu alimsifu kwa hilo mpaka uzeeni. Alimwambia kwamba hospitali ya maradhi hayo ipo moja nchi nzima, iko Nairobi. Na mgonjwa asiyejitambua hafiki huko kwa kupanda gari tu. Kwanza hupelekwa kwa hakimu, hakimu akitoa amri huwekwa rumande mpaka madaktari wampime na kitanda kipatikane.

"Rumande? Huko jela?"

"Ndiyo, mama. Hakuna nyumba nyingine ya kumweka. Sheria tumeirithi, na nyumba ndizo hizo hizo tulizorithi. Iko mipango ya kufungua wadi za namna hiyo katika kila mkoa, lakini mpango ni kitu kimoja na fungu la fedha ni kitu kingine."

"Mume wangu hakuiba, bwana."

"Najua," alisema DO.

Mbeyu alirudi nyumbani akamweleza shemeji yake. Seifu alikataa katakata. "Shemeji, akifungwa hapa amefungwa na nduguze. Akifungwa kule ameingia katika hesabu ya wezi. Mnyororo wa nyumbani si bora?"

"Mnyororo wa nyumbani hauna mwisho, shemeji," Mbeyu alijibu. "Ule wa serikali huenda ukawa nao."

Walibishana wiki nzima, mwishowe Seifu akasema basi, na afanye atakavyo, ila yeye hatakwenda kumwona ndugu yake nyuma ya vyuma. Mbeyu akaenda kwa chifu. Askari wakaja. Alfani alidhani wamekuja kuwatoa wale watu wa paani, kwa hiyo aliwafuata kwa utulivu, hata akawashukuru. Jambo hilo lilimuumiza Mbeyu kuliko kama angepigana nao.

Alikaa rumande muda mrefu kuliko walivyoambiwa. Kila alipoweza Mbeyu alimpelekea uji na samaki, na mlinzi mmoja alikuwa akimruhusu kuingia hadi ukumbini, jambo ambalo halikuruhusiwa. Alimkuta mumewe amenyolewa, amekonda, amekaa na vijana waliokamatwa kwa wizi wa nazi. Vijana wale walikuwa wakimlinda. Walimwambia Mbeyu, "Mama, usihofu, mzee wetu hapa hapigwi." Lakini kulikuwa na siku ambazo vijana hao waliachiliwa wakaja wengine, na siku hizo Alfani hakupata kuzisimulia hata baada ya kupona. Hatimaye akapandishwa gari la moshi pale Mombasa pamoja na wagonjwa wengine, wamefungwa pingu wawili wawili. Mbeyu alisimama stesheni mpaka behewa la mwisho likaondoka. Mkono aliuinua, lakini Alfani alikuwa akitazama upande mwingine.

Karibu miaka miwili ilipita. Mbeyu alisuka, akamlea Esha, akasikia minong'ono ya watu waliomwita mjane kabla ya wakati. Kisha siku moja basi la kutoka Likoni likasimama barabarani, akashuka mtu mnene, mzito wa miguu, amebeba kifurushi. Esha ndiye aliyemtambua kwanza, kwa sababu mtu yule alimwita yeye Esha kwa jina lake la utani la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelijua.

Alfani alikuwa amerudi, lakini si yule aliyekwenda. Mikono ilimtetemeka, ulimi ulikuwa mzito, na kupanda ngazi hakuweza tena. Hata hivyo alikula chakula bila kukionjesha mtu. Walipokuwa wamekaa baada ya kula, akasema taratibu, "Wale watu wamenyamaza."

"Wamekwenda wapi?" Mbeyu aliuliza.

"Sijui. Wakati mwingine nawaonea huruma."

Katika kifurushi kile mlikuwa na kopo la vidonge, avinywe asubuhi na jioni, asiache. Alfani alivinywa kama alivyoagizwa. Akaanza kukaa bandani na mkewe, akisuka polepole kwa mikono ile ya kutetemeka, na watu wakaanza kumsalimu, wa mbali kwanza, kisha wa karibu.

Kopo lilipokaribia kwisha, Mbeyu alilichukua akalipeleka zahanati. Tabibu wa pale alikuwa Mangi, mtu mpole, mwembamba, mwenye kupenda kueleza mambo mpaka mwisho. Alilitazama kopo, akatikisa kichwa.

"Hizi mimi sijapata kuwa nazo, mama. Zahanati hii ni ya kaunsili, baraza la wilaya, na kaunsili huniletea dawa za malaria, za kuhara, za vidonda. Dawa za maradhi ya akili ziko katika fungu la wizara. Zinaletwa hospitali kubwa Mombasa, zinakomea hapo. Haziivuki feri ya Likoni."

"Kwa nini hazivuki?"

"Kaunsili inasema hizo ni dawa za wizara. Wizara inasema mgonjwa akisharudi kijijini ni wa kaunsili. Nimewahi kuwaandikia kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Nilijibiwa na wote wawili, kila mmoja akanielekeza kwa mwenziwe."

Basi Mbeyu akaanza safari za Mombasa. Kila mwezi alitoka alfajiri, akatembea hadi barabara kuu, akapanda basi hadi Likoni, akavuka, kisha akaenda kwa miguu hadi hospitali. Serikali ilikuwa imekwisha kutangaza matibabu ya bure, na kweli vidonge vyenyewe alipewa bure, lakini nauli haikuwa bure wala siku ya kazi iliyopotea. Mara nyingine alifika akaambiwa daktari hayupo, arudi kesho. Na masika yalipoharibu barabara hakuweza kwenda kabisa. Vidonge vikaisha. Haikuchukua siku nyingi Alfani akaanza tena kuinamisha kichwa. Siku aliposukuma sahani akamwambia, "Onja wewe kwanza," Mbeyu aliondoka vile vile kwa miguu, akatembea kwenye tope mpaka akapata lori la mawe lililomfikisha Likoni.

Daktari wa pale hospitalini alikuwa mtu wa makamo, mchovu, mwenye wagonjwa wa mkoa mzima juu ya mabega yake. Alipomwona Mbeyu na tope hadi magotini, alimpa kiti kabla ya kumuuliza anataka nini. Walizungumza kwa kirefu. Mwisho daktari akasema, "Mimi niko tayari kuja Tiwi mara moja kila mwezi. Liko gari la wizara linalokwenda Msambweni, nami naweza kulidandia. Lakini zahanati si yangu. Kaunsili itoe chumba, tabibu wao akubali kuweka dawa. Na wagonjwa wawe wa kutosha. Siwezi kuomba gari kwa ajili ya mtu mmoja."

"Na hao watakaokuja, watapitia jela?"

"Hapana. Anayekuja kwa hiari yake, akaletwa na watu wake, hana haja ya hakimu."

Maneno hayo Mbeyu alimwomba ayarudie, ili ayashike vizuri.

Diwani wa Tiwi alikuwa bwana Haji, mtu wa msikitini, mwenye duka. Alimsikiliza Mbeyu, akakuna ndevu, akasema jambo hili yeye hawezi kulisema vizuri kuliko mwenyewe. Akampeleka Kwale mbele ya kamati ya afya ya kaunsili. Mbeyu aliingia chumba kilichojaa wanaume na meza ndefu, akakaa mwisho wa benchi. Alipopewa nafasi alieleza habari ya vidonge na barabara na feri, bila kupamba.

Mzee Abdulrahim, diwani wa upande wa kusini, ndiye aliyemjibu. Hakuwa mkali. "Mama, tumekusikia na tumekuonea imani. Lakini fungu letu ni dogo, na kila mwaka linapungua. Kuna zahanati ambazo kina mama wanajifungua sakafuni. Kuna watoto wanakufa kwa homa. Nikitoa chumba na mtumishi kwa ajili ya wendawazimu, namnyima nani? Na hapo Tiwi, wendawazimu ni wangapi?"

Yeye mwenyewe alimzaa Esha sakafuni, na alijua kwamba mzee yule hasemi uongo.

"Ninayemjua ni mmoja, bwana," alisema. "Lakini mimi huuza makuti, nafika nyumba hata nyumba. Naona vyumba ambavyo havifunguliwi mgeni akiwapo. Nasikia mtu anaimba ndani, nikiuliza naambiwa hakuna mtu."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akakohoa. Mwenyekiti akasema, "Basi waje waonekane. Wakija, chumba kitatolewa na daktari atakaribishwa. Wasipokuja, mama, tusilaumiane."

Mbeyu alidhani hapo kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Alipiga hodi nyumba zile zile alizozijua, na kila alipokwenda alikaribishwa, akapewa maji, na alipotaja sababu ya kuja nyuso zikafunga. "Hapa kwetu hatuna mgonjwa wa namna hiyo, binti Matano," aliambiwa, na nyuma ya pazia mtu akawa anacheka peke yake. Mama mmoja alisimama akamwonyesha mlango. "Nina mabinti wa kuolewa hapa. Wataka waseme damu yetu ina wazimu?" Seifu naye akaja juu. "Ulimtia ndugu yangu jela. Sasa wataka kumtembeza sokoni?"

Aliporudi siku ile hakusuka kitu. Alikaa tu bandani, mikono mapajani. Alfani akamwuliza kuna nini, naye, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia, akamwambia yote.

Alfani alifikiri kwa muda mrefu, kama ilivyokuwa desturi yake tangu aanze vidonge. "Wewe wanakuona ni mzima," akasema. "Nitakwenda nawe."

"Watakucheka."

"Wamekwisha kunicheka."

Walikwenda wote wawili. Alfani alikaa barazani kwa watu, mikono inatetemeka juu ya magoti, akasema maneno yale yale kila mahali. "Mimi ndiye niliyeling'oa paa la Kaingu. Nilifungwa mguu huu. Nilikaa rumande na sitaki kuwaeleza ya huko. Lakini huyo daktari akija hapa, hakuna hakimu wala askari. Nimemwuliza mke wangu mara nyingi, naye hajawahi kunidanganya. Nikinywa vidonge nasikia sauti zenu tu." Watoto walichungulia wakakimbia. Wengine walicheka kweli. Lakini wapo waliomsindikiza hadi njiani, na huko njiani, mbali na masikio ya nyumba, wakauliza kwa sauti ya chini, "Hakuna askari kweli?" Mbeyu akaelewa kwamba siku zote alidhani watu wanaogopa aibu, kumbe wengi wao walikuwa wanaogopa jela.

Nyumba moja Mbeyu hakuthubutu kuifikia, nayo ni ya Kaingu. Alfani alikwenda huko peke yake bila kumuaga mkewe. Alipochelewa kurudi Mbeyu alijifunga leso akatoka kumtafuta, akawakuta njiani wanakuja pamoja, yeye na Kaingu, polepole. Walipofika uani Kaingu hakuketi.

"Mama Esha," alisema, "ni mke wangu, Kanze."

"Kanze si yuko kwao?"

"Hayuko kwao. Yuko ndani. Tangu alipojifungua huyu wa mwisho hasemi. Amegeukia ukuta. Mtoto analelewa na dada yangu. Niliwaambia watu amekwenda kwao, kwa kuwa mimi ndiye niliyesema mwenzangu afungwe, na sikutaka kuja kuambiwa nami nifunge wangu."

Mbeyu alimvutia kigoda. Safari hii Kaingu aliketi. Alfani akaleta maji, na kwa kuwa mkono ulitetemeka nusu yake yalimwagika, lakini Kaingu aliyapokea akanywa.

Daktari alikuja siku ya Alhamisi. Mangi alikuwa ametoa magunia ya maziwa ya unga katika chumba cha stoo, akakipaka chokaa, akaweka meza na viti viwili. Bwana Haji alikuwepo, na mzee Abdulrahim alikuja kutoka kusini kwa niaba ya kamati, ili aone kwa macho yake. Asubuhi ikapita. Benchi lilikuwa na Alfani na Mbeyu peke yao. Daktari akatoka mara ya kwanza, akatoka mara ya pili, akatazama barabara. Mzee Abdulrahim alivuta pumzi kama mtu anayejiandaa kusema pole.

Kisha Kaingu akatokea. Alikuwa akitembea nyuma kidogo, na mbele yake Kanze, amefunikwa leso mbili, hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Hakushikwa wala hakuvutwa. Mbeyu aliondoka kwenye benchi akaenda kumlaki, akatembea ubavuni mwake hadi mlangoni.

Na walipokwisha kuingia, ndipo watu wakaanza kutoka. Walitoka nyuma ya duka la bwana Haji, wakatoka kwenye michungwa ya jirani, wengine walikuwa wamekaa pale tangu alfajiri wakingoja kuona nani atatangulia. Mama aliyemwonyesha Mbeyu mlango alikuja na kijana mrefu aliyekuwa akicheka peke yake. Mzee mmoja aliletwa kwa mkokoteni. Yupo aliyetoka hata Ng'ombeni. Benchi halikutosha, wakakaa chini, na hakuna aliyemtazama mwenziwe usoni mpaka Alfani alipoanza kuwasalimu mmoja mmoja kwa majina.

Mzee Abdulrahim alikaa akiwatazama kwa muda. "Chumba hiki ni kidogo," akamwambia bwana Haji.

Kliniki ya Alhamisi ilianza hivyo. Si kwamba wote walipona. Yule kijana mrefu vidonge havikumfaa sana, na baada ya mwaka alitoweka akaonekana Mombasa, kisha hakuonekana tena. Kanze naye alianza kusema. Ilikuwa baada ya miezi, alikuwa amekaa na Mbeyu wakichambua mchicha, akasema tu, "Huu una mchanga," na Mbeyu akajibu, "Basi tuuoshe tena." Jioni Kaingu alipoambiwa, alikwenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba. Seifu hakuwahi kusema kwamba alikosea, lakini alianza kuja kula kwa nduguye siku za Ijumaa.

Mwaka wa sabini kaunsili ikanyang'anywa kazi za afya, zikarudi zote serikali kuu. Mbeyu alifurahi alipoisikia habari hiyo. Alisema sasa dawa na zahanati ni za mwenye nyumba mmoja, hakuna tena wa kumwelekeza kwa mwenziwe. Haikuwa hivyo. Katika kule kuhamisha, vitu vingi vilikosa mwenyewe. Gari la Msambweni likapangiwa kazi nyingine, daktari akahamishwa, na miezi ikapita Alhamisi ikija bila mtu. Vidonge vilivyokuwa kabatini kwa Mangi vikaisha. Mbeyu alirudi kwenye safari zake za Mombasa, akiwachukulia na wengine, lakini alikuwa amepungua nguvu, na mara nyingine alipewa vya kumtosha mtu mmoja tu. Aligawa. Katika kugawa huko Alfani akaanza tena kuinamisha kichwa, na siku moja akaondoka bila kuaga. Alipatikana baada ya wiki kadhaa huko Majoreni, kwa watu wema waliomkuta amelala kwenye banda la mashua, wakamlisha bila kujua ni nani.

Safari hii hakupelekwa jela. Alilazwa Mombasa, katika wadi ya maradhi hayo ambayo DO alikuwa ameizungumzia kama mpango, na Mbeyu aliweza kumwona kila Jumapili, akamkuta ana shuka safi na dirisha aliloweza kulifungua mwenyewe. Wakati huo huo alikwenda ofisi moja hadi nyingine akiulizia gari. Aliambiwa fungu halijapita. Akaenda tena. Maafisa walimzoea, wengine wakamkimbia, mmoja akamwahidi na akatimiza. Kliniki ikarudi.

Alfani aliishi miaka mingine kadhaa, mtulivu, mzito, mpenda chai ya tangawizi, akafa kwa ugonjwa wa kifua mwezi wa Rajabu. Walimzika watu wengi. Kaingu, ingawa hakuwa Mwislamu, alichimba kaburi pamoja na wenye dini yao, na hakuna aliyemzuia.

Eda ilipokwisha, Alhamisi iliyofuata Mbeyu alikwenda zahanati. Mangi alikuwa amestaafu, na tabibu mpya alikuwa kijana mgeni aliyekuja wiki ile. Kijana huyo alimkuta bibi asiyemjua, Mbeyu, amekaa benchini, na pembeni yake mwanamke wa Majoreni aitwaye Mwanafatuma, aliyekuja na mwanawe kwa mara ya kwanza na kumshika mkono kwa nguvu.

"Shikamoo, bibi," alisema tabibu. "Mgonjwa wako ni huyu?"

"Marahaba. Wangu hayupo. Huyu ni wa huyu mama."

"Sasa wewe wangoja nini?"

"Nangoja gari," Mbeyu alisema. "Lisipofika mpaka saa nane, nitakwenda kuwapigia simu wa Mombasa pale kwa chifu."

Kijana akatazama barabara, akarudi ndani. Mwanafatuma alimwuliza kama ni kweli hakuna askari. Mbeyu akamwambia hakuna, akamwuliza mtoto anaitwa nani, na kama wamekula. Gari lilifika baada ya adhuhuri.